Atembeaye juu, aumiaye chini: tupunguze kishindo cha sakafu maofisini

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Safari hii tunaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la afya. Jambo lenyewe ni kishindo kinachotoka kwenye sakafu ya watu wa ghorofa ya juu na kushuka kwa watu wanaofanya kazi chini yao.

Wahenga walisema kuwa kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Methali hiyo ina hekima yake, kwani inatufundisha tusibabaishwe na maneno ya watu. Lakini tukiichukua kama ilivyo, si kweli hata kidogo. Kelele za mlango humnyima mtu usingizi, na kelele za sakafu humchosha karani, humkosesha mhasibu hesabu zake, na humfanya mgonjwa aliyekuja kusema siri yake kwa mganga ashtuke na kunyamaza. Ubaya wake ni kwamba anayezisababisha hazisikii. Yeye anatembea tu. Anayeumia ni yule wa chini, ambaye hana uwezo wa kuzizima.

Kimandolu ya leo

Anayepita Kimandolu leo kwa Barabara ya Moshi anaona jinsi mambo yalivyobadilika. Miteremko hii ya Mlima Meru ilijulikana kwa migomba na kahawa. Mwaka 2012 Arusha ilipandishwa hadhi na kuwa jiji, baadaye barabara ikapanuliwa kuwa ya njia 4 kati ya Sakina na Tengeru, na majengo ya ghorofa mbili, tatu na nne yamezidi kuota kandokando yake. Chini kuna maduka ya vifaa vya ujenzi, duka la dawa au saluni. Juu kuna ofisi ya mawakili, ofisi ya watalii, chama cha kuweka na kukopa, darasa la tuisheni au chumba cha mafundi cherehani.

Mengi ya majengo haya si ya makampuni makubwa. Ni ya familia kama zetu. Baba na mama wameweka humo kiinua mgongo chao au mkopo wa benki, na wanategemea kodi ya pango iwasomeshe watoto na kuwatunza uzeeni. Hivyo basi, mpangaji wa chini anapohama kwa sababu ya vishindo vya juu, si afya yake tu iliyoguswa. Chakula cha familia nyingine nacho kimeguswa.

Sakafu za majengo haya karibu zote hufanana. Ni slabu ya zege yenye nondo, juu yake saruji na mchanga ambavyo mafundi huita skridi, na juu kabisa vigae, maarufu kama tailizi. Sakafu hiyo ina sifa nyingi. Ni safi, haili, haiozi, haishiki moto na hufagiliwa kwa urahisi. Lakini kwa upande wa kishindo, ni vigumu kupata sakafu iliyo mbaya kuliko hiyo, kwa sababu ni ugumu juu ya ugumu juu ya ugumu.

Tena jiji letu ni jiji la mikutano. Jengo la mikutano la AICC lilifunguliwa mwaka 1978. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliundwa mwaka 1994, ikafanyia kazi zake humo mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo yako hapa. Watu wa kazi hizo wanaujua vizuri utulivu wa sakafu. Mkalimani anayesikiliza lugha moja huku akisema nyingine hawezi kuvumilia hatua za mtu nyuma ya kiti chake, na ndiyo maana kibanda cha mkalimani hutandikwa zulia. Kama sakafu tulivu inamfaa mkalimani, inamfaa pia karani wa Kimandolu anayejumlisha michango ya wanachama 300.

Kelele ni za aina mbili

Kwanza tuelewe adui tunayepambana naye. Kelele za aina ya kwanza husafiri hewani. Hizo ni sauti za watu, redio, simu na muziki. Hupita kwenye upenyo wa mlango, kwenye dirisha na kwenye matundu ya mabomba na nyaya.

Kelele za aina ya pili huzaliwa pale kitu kigumu kinapogonga kitu kigumu. Kisigino cha kiatu kikigonga kigae, slabu nzima hutikisika kidogo mno, kama ngozi ya ngoma inavyotikisika. Mtikisiko huo hukimbia ndani ya zege kwa kasi inayokaribia mara 10 ya kasi ya sauti hewani. Huingia kwenye nguzo na kuta, na ukifika chumba cha chini hugeuka tena kuwa sauti. Ndiyo maana wakati mwingine kiti kinaburutwa upande wa barabarani na anayesikia yuko chumba cha nyuma.

Mfano mzuri wa kelele za aina hii ni mvua juu ya bati. Wakati wa masika, mwalimu aliye katika darasa lisilo na dari hulazimika kunyamaza mvua inaponyesha kwa nguvu. Tone la maji ni dogo na laini, lakini bati ni jembamba na limekazwa, basi kila tone ni fimbo ya ngoma.

Mfano wa pili uko jikoni. Mama akitwanga kisamvu huku kinu kimekaa juu ya saruji tupu, nyumba nzima hujua. Akikunja gunia na kuliweka chini ya kinu, kishindo hupungua mara moja. Hakupunguza nguvu ya mchi wala hakubadili kinu. Ameweka kitu laini kati ya vitu viwili vigumu, basi. Ndugu msomaji, siri yote ya kutuliza sakafu iko katika lile gunia. Mengine tutakayosema ni namna mbalimbali za kulitandika.

Madhara yake kwa afya

Watu wengi hudhani kelele ina madhara pale tu inapoharibu masikio. Ni kweli kwamba kelele kubwa huua uwezo wa kusikia. Mipaka inayotumika katika nchi nyingi ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na mafundi wa mashine za mbao au za kusaga wanahitaji kujikinga. Vishindo vya ofisini havifiki huko. Havitamfanya mtu kiziwi. Madhara yake ni ya aina nyingine, nayo huja polepole.

Mwili wa binadamu uliumbwa ushtuke usikiapo mshindo wa ghafla. Moyo hupiga haraka, misuli hukaza, na homoni za tahadhari humwagika katika damu. Kelele inayoendelea sawasawa, kama feni, tunaweza kuizoea kwa kiasi. Kishindo kinachokuja bila mpango ni vigumu kukizoea, kwa kuwa hatujui kitakuja lini tena.

Mwaka 2000 watafiti wawili wa Marekani, Gary Evans na Dana Johnson, walichapisha uchunguzi wao juu ya makarani 40 wanawake. Baadhi yao walifanya kazi saa 3 katika utulivu, wengine katika kelele ndogo za kawaida za ofisi. Waliokaa kwenye kelele walikutwa na homoni ya adrenalini nyingi zaidi katika mkojo, na walipopewa mafumbo magumu walikata tamaa mapema. Jambo la kushangaza ni kwamba hata kujinyoosha na kubadili mkao kitini walifanya mara chache zaidi, na sote tunajua mgongo wa karani unavyoumia akikaa vilevile muda mrefu. Wenyewe hawakusema kwamba wana msongo kuliko wenzao. Mwili ulijua, nafsi haikujua.

Mfano mwingine ni wa watoto. Katika jiji la New York kulikuwa na shule ya msingi iliyopakana na reli ya juu. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na mwenzake Dennis McCarthy walionyesha kwamba wanafunzi wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma, na wale wa darasa la 6 walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima. Baada ya malalamiko, reli ilitiwa pedi za mpira na madarasa yakawekewa dari za kunyonya sauti. Uchunguzi wa mwaka 1981 ulikuta tofauti ile imekwisha. Tunaomba wazazi walizingatie hili, hasa wale wanaopeleka watoto tuisheni katika vyumba vya ghorofa. Dawa haikuwa kuwachapa watoto wala kubadili walimu. Ilikuwa mpira chini ya reli na dari juu ya vichwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kwamba kelele ndani ya darasa wakati wa masomo isizidi desibeli 35. Ili upate picha, mnong'ono ni kama desibeli 30 na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, sikio huona sauti imekuwa kubwa kama mara mbili.

Pamoja na hayo kuna hatari za kazini. Mwuza dawa anayehesabu vidonge akishtushwa anaweza kupoteza hesabu. Mshauri nasaha anayemsikiliza mama aliyefiwa hulazimika kumwomba arudie. Watu hupaza sauti ili wasikilizane, na siri iliyopaswa kubaki mezani hutoka hadi kwenye benchi la wanaosubiri.

Jipime mwenyewe kabla ya kutoa fedha

Kabla ya kununua chochote, jua kwanza kelele yako ni ya aina gani. Hauhitaji mtaalamu. Mwambie mtu mmoja apande juu akiwa na viatu vyake vya kawaida, wewe ubaki chini. Atembee, aburute kiti, kisha aangushe kijiko sakafuni mara tatu. Baada ya hapo akunje blanketi mara nne, alitandike, na aangushe kijiko kilekile juu yake.

Kama tofauti ni kubwa, kelele yako ni ya kishindo na kitu laini juu ya sakafu kitakusaidia. Kama linalokusumbua hasa ni sauti za watu wa juu wakizungumza, zulia halitakusaidia sana. Tafuta matundu ya mabomba, nyufa na milango isiyofunga vizuri, uzibe hayo kwanza.

Wataalamu nao hupima kwa njia inayofanana na hiyo. Wana mashine ndogo yenye nyundo 5, kila moja ina uzito wa gramu 500, zinazoanguka kutoka kimo cha milimita 40 na kupiga sakafu mara 10 kwa sekunde. Mashine inapiga juu, kipimo kinasoma chini. Tarakimu ikiwa ndogo ndivyo sakafu ilivyo bora.

Kwa hesabu za wahandisi, slabu tupu ya zege ya unene wa sentimita 15 hutoa takriban desibeli 75 katika kipimo hicho. Uingereza, tangu mwaka 2003, haikubali sakafu mpya inayotenganisha nyumba mbili za kuishi izidi 62. Kanuni ya Ujerumani ya mwaka 2018 inataka isizidi 50 katika maghorofa ya makazi. Hizo ni kanuni za nyumba za kulala, lakini zinatuonyesha jinsi slabu tupu yenye vigae ilivyo mbali na utulivu.

Dawa zisizotibu

Tumeona watu wakipoteza fedha kwa mambo yasiyosaidia, hivyo ni vyema tuyataje.

Trei za mayai. Wapo wanaozibandika darini wakiamini zinazuia kelele. Trei hupunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba kilekile, lakini kishindo kinachokuja kupitia zege hazikizuii. Tena ni karatasi kavu inayoshika moto haraka. Tunashauri ziachwe.

Kuongeza unene wa zege. Slabu nene husaidia, lakini kwa gharama kubwa mno. Ukiongeza unene mara mbili, kutoka sentimita 15 hadi 30, utapunguza kama desibeli 10 tu, na nguzo na msingi vitalazimika kubeba mzigo mara mbili. Zulia zuri hufanya zaidi ya hapo kwa uzito mdogo.

Vigae vizito zaidi. Kigae kilichobandikwa kwa saruji juu ya zege ni sehemu ya zege. Hakipunguzi kitu, kiwe cha bei ya chini au kimetoka Italia.

Dari ya jipsamu iliyogongelewa moja kwa moja chini ya slabu. Hupendeza macho lakini husaidia kidogo, maana mbao na misumari hubeba mtikisiko uleule. Dari inayosaidia ni ile inayoning'inia kwa vishikizo vyenye mpira, ikiwa na nafasi yenye sufu ya madini katikati. Hata hiyo haizuii mtikisiko unaoshukia kwenye kuta. Ndiyo maana dawa bora iko juu, pale kishindo kinapozaliwa.

Hatua kwa jengo ambalo tayari limejengwa

Tunashauri hatua hizi zifuatwe kwa mpangilio, kuanzia isiyo na gharama.

1. Anzeni na miguu ya viti na meza. Kiti kinachoburutwa juu ya kigae ni adui namba moja. Kata vipande vya mpira wa tyubu au kitambaa kizito, uvibandike chini ya kila mguu, na uvibadilishe vikiisha. Viti vya magurudumu vitafutiwe magurudumu ya mpira laini badala ya yale ya plastiki ngumu.

2. Tazameni viatu. Kisigino chembamba chenye ncha ya chuma hulia kuliko kiatu chochote. Wafanyakazi wanaweza kuweka ndara au viatu vya soli laini ofisini. Wale mafundi wetu wanaotengeneza katambuga kwa matairi ya zamani wanajua sifa ya mpira huo, kwamba hauishi upesi na haulii.

3. Wekeni pedi chini ya mashine. Cherehani, mashine ya fotokopi, printa kubwa na pampu ya maji vikae juu ya mpira mnene. Mpira wa matairi yaliyosagwa na kushindiliwa kuwa mikeka hutumika duniani kote kwa kazi hii. Mashine isikae katikati ya slabu, ambapo zege hucheza zaidi, bali karibu na nguzo au ukuta unaobeba jengo.

4. Tandikeni njia. Watu hutembea kwenye njia zilezile, yaani korido, mbele ya kaunta na kati ya meza. Mkeka mnene wa makumbi ya nazi, busati la katani lenye mpira chini yake, au ukanda wa zulia kwenye njia hizo utapunguza sehemu kubwa ya vishindo bila kutandika ofisi nzima.

5. Tandikeni chumba kizima. Zulia zuri lenye sponji au mpira chini yake linaweza kupunguza desibeli 20 hadi 30. Kapeti la plastiki lenye mgongo wa sponji hupunguza takriban 10 hadi 19. Kapeti la plastiki jembamba lisilo na sponji hupunguza kidogo sana, hivyo likunje kwa vidole dukani uone kama lina unono.

Hapa ukurasa wa afya lazima utoe tahadhari. Zulia hukusanya vumbi na vijidudu vidogo vinavyochochea pumu na mafua ya mzio. Arusha ina vumbi jingi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Zulia lisilosafishwa kwa mashine ya kunyonya vumbi kila wiki, na lisilokauka likilowa, litabadilisha tatizo moja kwa jingine. Kama ofisini kuna mwenye pumu, chagua kapeti la plastiki lenye sponji au sakafu ya mpira, ambavyo hupigwa deki. Katika zahanati, maabara na vyumba vya kufunga vidonda zulia lisitumike kabisa, kwani damu na uchafu haviwezi kuondolewa humo.

Kwa anayejenga sasa: sakafu inayoelea

Sasa tunafika kwa wale ambao nondo zao bado ziko juani. Ninyi mna nafasi ambayo wengine hawanayo tena. Inaitwa sakafu inayoelea, na maana yake ni kwamba skridi ya juu haigusi zege popote, wala haigusi ukuta. Imelala juu ya kitu laini kama mtu juu ya godoro.

Hufanya kazi kama springi za gari. Haisi ikipita kwenye shimo, tairi hupata pigo, lakini springi hulimeza na abiria hupata sehemu ndogo tu. Katika sakafu inayoelea skridi nzito ni bodi ya gari na tabaka laini ni springi. Ikitengenezwa vizuri hupunguza kishindo kwa desibeli 20 hadi 30, na juu yake unaweza kubandika vigae vyako unavyovipenda. Hilo ndilo jema lake kubwa. Unabaki na sakafu ya kupiga deki, isiyo na vumbi la zulia, na jirani wa chini anapumzika.

Mpangilio wake kutoka chini kwenda juu ni huu. Kwanza slabu, iliyosawazishwa na kufagiliwa isibaki kokoto. Pili tabaka laini, ambalo laweza kuwa sufu ya madini iliyoshindiliwa, mkeka wa mpira wa matairi yaliyosagwa, au sponji maalumu ya sakafu. Sponji ya godoro haifai, kwani hulala moja kwa moja ikibebeshwa mzigo. Tatu nailoni nzito, iliyopishana na kufungwa kwa gundi kwenye maungio, ili maji ya saruji yasipenye. Nne skridi ya saruji na mchanga isiyopungua milimita 65, yenye waya wa BRC ndani yake ili isipasuke. Mwisho vigae.

Kabla ya kumwaga skridi, ukanda wa sponji hupandishwa kuzunguka kuta zote na nguzo zote, juu kupita usawa wa vigae. Ukanda huu ni rahisi kuliko vyote, nao ndio unaosahaulika kuliko vyote.

Mmwambie mhandisi mapema. Skridi ya milimita 65 ina uzito wa kama kilo 130 kwa kila mita ya mraba, na slabu lazima ihesabiwe kubeba uzito huo. Aidha, sakafu itapanda kwa sentimita 8 au zaidi, hivyo ngazi, milango na mifereji ya chooni ipangwe tangu kwenye ramani. Ukilikumbuka jambo hili baada ya milango kuwekwa, utaanza kuikata.

Makosa yanayoharibu kazi

Sakafu inayoelea haisamehe uzembe. Msumari mmoja uliopenya, tonge la saruji lililoshuka kwenye upenyo wa nailoni, au bomba la maji lililoshikwa na skridi huku linagusa zege, vyote ni daraja. Mtikisiko hauhitaji barabara pana. Madaraja machache kama hayo yanaweza kula sehemu kubwa ya faida yote uliyoilipia.

Daraja linaloonekana mara nyingi ni vigae vya pembeni vinavyopanda ukutani. Fundi, kwa nia njema ya kumaliza kazi nadhifu, huvikalisha juu ya kigae cha sakafu na kuziba kwa saruji. Kwa kufanya hivyo ameishonea sakafu kwenye ukuta. Vigae hivyo vinapaswa kuachiwa upenyo wa milimita chache, kisha upenyo uzibwe kwa gundi laini ya mpira. Ukanda wa sponji ukatwe baada ya vigae kukauka, usikatwe kabla.

Mwenye nyumba asimame pale siku ya kumwaga skridi. Ikishafunikwa, kosa halionekani tena, na kulirekebisha ni kubomoa.

Sheria na ujirani mwema

Nchi yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinazungumzia kelele zinazowakera wengine, na NEMC ndiyo yenye jukumu la kuzisimamia.

Hata hivyo tunashauri sheria iwe hatua ya mwisho. Mara nyingi mtu wa juu hajui kabisa kwamba anaumiza. Mkaribisheni ashuke, akae kwenye kiti cha karani kwa dakika 10 huku wenzake wakiendelea na kazi juu. Hakuna barua ya malalamiko yenye nguvu kuliko hiyo. Kisha elewaneni. Darasa la tuisheni laweza kuanza baada ya ofisi ya chini kufungwa, na samani zaweza kuhamishwa siku ya Jumamosi.

Gharama nayo igawanywe kwa haki. Pedi za viti ni za mpangaji wa juu, kwani viti ni vyake. Sakafu yenyewe ni ya mwenye jengo, kwa sababu itabaki wapangaji wakiondoka. Ni vyema mkataba wa pango utaje mambo haya tangu mwanzo, kama unavyotaja maji na umeme. Mwenye jengo naye, kabla ya kupangisha, aangalie nani anakaa juu ya nani. Mafundi cherehani na madarasa wakae chini, juu ya ardhi, na wahasibu na washauri wakae juu. Uamuzi huo haugharimu hata mfuko mmoja wa saruji.

Kwa kifupi

Tukumbuke kwamba kishindo si kelele za hewani, hivyo dawa zake ni tofauti. Kitu laini kiwekwe kati ya vitu vigumu, na kiwekwe juu, pale pigo linapoanzia. Aliyekwisha kujenga aanze na mpira chini ya viti na mikeka kwenye njia, kisha zulia au kapeti lenye sponji kulingana na afya ya watu waliomo. Anayejenga aulize habari ya sakafu inayoelea kabla slabu haijamwagwa, naye asimamie ukanda wa pembeni kwa macho yake mwenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Familia zinazojenga Kimandolu, Baraa na Moshono mwaka huu zinajenga majengo watakayofanyia kazi wajukuu zao. Wiki hii, kama ofisi yenu iko ghorofani, geuzeni kiti kimoja juu chini na mtazame miguu yake. Kama ni chuma kitupu au plastiki ngumu, kazi ya kwanza mmeshaipata.